Siku Tulipoosha Injini

Mume wangu alipoinua boneti asubuhi ile ya Jumamosi, nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono yote miwili juu ya tumbo, na neno lililonitoka lilikuwa moja tu.

"Leo?"

"Leo kuna jua," akanijibu bila kugeuka. "Na wewe unajua jua ya huku. Ukiichezea, inaenda."

Nilijua. Tulikuwa tumehamia upande huu wa Kericho kutoka milima ya Kisii, yeye kufanya kazi katika kiwanda cha chai, mimi kufundisha shule ya msingi, na jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mvua ya huku inaingia kazini kwa saa. Asubuhi anga ni safi, mchana mawingu yanajikusanya juu ya mashamba ya chai, na ikikaribia saa tisa, asiyeanua nguo zake ajilaumu mwenyewe. Lakini mimi sikuwa nauliza habari ya jua. Nilikuwa na mimba ya miezi tisa, na gari lile ndilo lililokuwa njia yangu ya kufika hospitali.

Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza kwa kungoja. Uchungu ulinishika Jumapili, lori la kiwanda lilikuwa limeenda mbali, nasi tukakaa kando ya barabara tukisubiri mtu yeyote mwenye magurudumu. Mwishowe tulipelekwa na trekta. Nilipofika hospitali ya misheni nilipasuliwa, nikatolewa mtoto ambaye tayari alikuwa kimya. Daktari akaniambia mara ya pili nisingoje: uchungu wa kwanza tu, niwe njiani, kwa sababu lile kovu linaweza kuachia na tukapotea wote wawili. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake akisikia yote. Mwaka uliofuata akanunua gari.

Lilikuwa gari dogo, la kijivu, kuukuu, alilolipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Sigor aliyekuwa akilibebea mahindi na kuku. Nilipoliona nilimwuliza kama ametuletea gari au banda. Alicheka, nami nikacheka, lakini tangu siku hiyo moyo wangu ulihamia kwenye gari lile. Kila jioni nilizunguka nikitazama kama magurudumu yana upepo. Mvua ikinyesha niliwaza barabara. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi wangu ulikuwa kila sauti ngeni iliyotoka chini ya boneti ile.

Sauti hata haikuwa shida. Shida ilikuwa harufu. Wiki ile, tukipanda kutoka Fort Ternan tulikokwenda kwenye mazishi, gari lilianza kunuka oili inayoungua, na moshi mwembamba ukapenya mbele ya kioo. Fundi wa Kedowa alipochungulia alitingisha kichwa. Oili inavuja, akasema, inaangukia kwenye bomba la moshi, lakini pamechafuka hivi kwamba hata hapaonekani mahali inapotokea. Osheni kwanza. Na msikae sana, kwa sababu uchafu wa oili ukishika joto siku moja utashika moto.

Kwa hiyo mume wangu hakuwa mjinga. Aliogopa gari kushika moto, nami nikiwa nimelala kiti cha nyuma na uchungu. Niliogopa hivyo hivyo. Tulichotofautiana ni siku.

"Na kama mtoto akija leo?" nikamwuliza.

"Atakuja wiki ijayo. Daktari alisema."

"Daktari alimwambia mtoto?"

Hapo aligeuka akanitazama, akatabasamu kidogo, akaendelea kuvuta mikono ya shati juu. Ndivyo alivyokuwa akimaliza mabishano.

Sitamsingizia, alianza vizuri. Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana yake, injini baridi kabisa. Alilisukuma mbali na jikoni, akaliweka kwenye nyasi mahali ambapo maji machafu hayangeelekea kwenye sukuma wiki zangu wala kwenye kijito. Akafungua nyaya za betri, akazikunjia kando na kuzifunga kitambaa zisigusane na chuma. Akachukua mifuko ya nailoni, akafunika mdomo wa kabureta, akafunika na distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa plagi, akazungushia kamba ya katani. Aliniambia kila hatua kwa sauti, na nilijua ananiambia ili nitulie. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikichambua mboga, lakini macho yangu yalikuwa kule.

Kisha akamimina mafuta ya taa kwenye mkebe, akachovya brashi kuukuu ya rangi, akaanza kusugua. Harufu ilinipanda mpaka kichwani. Uchafu ulikuwa mnene, mweusi, umechanganyika na vumbi letu jekundu, na ulipolainika ulianza kutoa siri za Sigor. Manyoya ya kuku yalitoka. Punje za mahindi zilitoka, na moja, naapa, ilikuwa imeanza kuchipua.

"Mama, njoo uone shamba!" akaniita.

Nilikwenda, nikaona, nikacheka mpaka nikashika mgongo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku ile.

Alisuuza kwa maji ya sabuni, kidogo kidogo, kwa jagi. Kufikia saa sita chuma kilionekana, na mahali oili ilipokuwa ikitokea pakaonekana pia: kifuniko cha juu ya injini, nati zake zilikuwa zimelegea. Akazikaza kwa spana, akasimama wima, akajipangusa jasho. Nikamwona amefurahi. Niliona furaha yake, na nyuma ya kichwa chake nikaona wingu.

Lilikuwa limesimama juu ya vilima, jeusi upande wa chini. Naye aliliona. Injini ilikuwa inachuruzika maji kila pembe, na ilibaki saa mbili, labda chini yake, kabla ya mvua.

Hapa lazima nieleze kazi yake. Alikuwa katika sehemu ya kunyausha majani. Chai inapoletwa kiwandani ikiwa mbichi hutandazwa juu ya nyavu ndefu, na hewa ya moto hupulizwa kutoka chini mpaka jani lilegee. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na imani yake ilikuwa moja: chenye maji kikaushe kutoka chini. Viatu vyangu vilivyolowa alivining'iniza juu ya jiko. Mahindi yetu aliyaweka juu ya moshi. Mara moja nilimkuta ameweka Biblia iliyonyeshewa juu ya kiti, na chini ya kiti makaa.

Kwa hiyo alipoingia jikoni kwangu, nilijua kabla hajatoka. Alitoka ameshika jiko langu kwa mikono miwili, limejaa makaa mekundu, anatembea kwa uangalifu kuelekea kwenye gari.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Chini ya injini. Dakika chache tu."

"Umeiosha na mafuta ya taa!"

"Nimesuuza. Na hii ni makaa, haina moto. Mafuta ya taa si petroli. Mimi ndiye nakausha vitu, mwalimu, wewe fundisha watoto."

Alipokuwa na hasira kidogo aliniita mwalimu. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama mbele yake. Sijui niliinukaje na tumbo lile. Nilimwambia aweke jiko chini pale pale alipo, na labda sauti yangu ilimtisha, kwa sababu aliliweka, katikati ya nyasi, hatua nyingi kutoka kwenye gari. Nikachukua kijiti, nikaokota tambara alilokuwa akisugulia, lililolowa mafuta, nikalitupa juu ya makaa na kurudi nyuma.

Kwanza halikufanya kitu. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Likaanza kutoa moshi mweupe, mzito, na alipofungua mdomo aseme neno, moshi wote ukashika kwa mara moja, puu, moto ukaruka ukafika kifuani kwa mtu. Kuku wakatawanyika. Yeye akaruka nyuma, na aliporuka nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona: suruali yake ilikuwa imelowa mafuta ya taa tangu mapajani mpaka chini. Alikuwa amelibeba jiko lile mbele ya mapaja yake.

Naye aliiona. Alisimama akitazama miguu yake mwenyewe. Kisha akaingia ndani kubadilisha suruali, na mimi nikabaki nje nikimwaga mchanga juu ya makaa kwa karai mpaka yakafa yote. Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa sababu nilikuwa karibu kuwa mjane, na pia kwa sababu alikuwa ananipenda kwa haraka namna ile.

Alipotoka aliuliza kwa upole, "Sasa tutakausha na nini?"

"Na vitambaa," nikasema. "Na upepo. Na subira."

Basi akaanza kupangusa. Akatoa plagi moja moja, akazifuta, akapuliza ndani ya matundu yake. Mimi nilisimama kando yake nikimpa matambara makavu na kupokea yaliyolowa. Na ni hapo, mkono wangu ukiwa umenyoosha kitambaa, uchungu ukanishika.

Haukuwa mgongo wala tumbo la kula vibaya. Ulianza nyuma ukaja mbele ukakaza, kovu langu likavutika, nikauma ulimi. Ulipoachia, yeye alikuwa bado ameinama akifuta plagi. Hakuwa ameona.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Nataka nieleweke. Nilijua alichosema daktari. Nilikijua kuliko jina langu. Lakini nilimjua na mume wangu. Nikimwambia, mikono ile iliyokuwa inapangusa polepole ingeanza kukimbia. Angerudisha plagi zikiwa na maji. Angefunga betri na kuzungusha ufunguo injini ikiwa mbichi, na betri ile ilikuwa imezeeka, gari likikataa mara nne au tano betri inalala mpaka kesho. Au angerudi jikoni kwa makaa. Simu haikuwepo. Lori la kiwanda Jumamosi lilikuwa huko chini likikusanya majani. Gari lile lilikuwa ndilo peke yake, na lingewaka tu kama mtu aliyelishika hataogopa. Kwa hiyo nikaamua kuogopa peke yangu.

Uchungu wa pili ulinikuta nimeegemea mlango wa gari, nikijifanya natazama mawingu. Wa tatu ulinikuta na jirani yetu.

Alikuwa mama wa Kikipsigis, mtu mzima, boma lake chini ya letu. Alikuwa anapanda na kibuyu cha maziwa kama kila Jumamosi. Aliona nyasi zilizoungua, akaona gari limefunguliwa tumbo, akaniona mimi. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini yeye hakuwa na jembe, alikuwa na kibuyu tu, naye akakiweka chini akanisogelea.

"Chamgei, mwalimu," akanisalimu, kisha akapunguza sauti. "Hii si mgongo. Hii ni mtoto nakuja."

"Bado kidogo, mama."

"Kidogo kani? Naona uso yako. Nimwambie mzee?"

Nilimshika mkono. Nilimweleza kwa kunong'ona, kwa haraka, yote: makaa, betri, moto. Akanisikiliza huku akimtazama mume wangu mgongoni. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akasema kwa sauti ya kumfikia yeye, "Mimi nabumzika hapa kidogo, mlima imenishinda." Kisha kwangu, chini chini, "Ukianguka, nabiga kelele. Hiyo sitangoja."

Nilimshukuru Mungu kwa mwanamke yule. Ninamshukuru mpaka leo.

Mume wangu alipotoa mfuko wa nailoni kwenye distributa, nilisikia akivuta pumzi. Kamba ya katani ilikuwa imelegea, maji yamepenya. Alifungua kifuniko, akakigeuza, tukaona matone ndani. Akatafuta tambara. Yote yalikuwa yamelowa oili na mafuta.

"Na hapa tone moja tu inatosha kukataa," akasema. Aliinua macho akatazama wingu, na nikaona mikono yake imeanza kukimbia. Ile haraka ilikuwa inamrudia. "Nijaribu tu hivi. Nijaribu mara moja, ikikataa..."

"Ngoja," nikasema.

Niliingia ndani. Njiani uchungu ukanikamata, nikashika mwimo wa mlango, nikahesabu pumzi mpaka ukapita. Nikafungua sanduku la nguo za mtoto. Zilikuwa zimeoshwa, zimepigwa pasi, hazijaguswa. Nikachukua flana nyeupe, laini, kavu kuliko kitu chochote katika nyumba ile, nikampelekea.

"Hiyo ni ya mtoto," akasema.

"Mtoto atapata nyingine. Futa. Polepole."

Alifuta. Alifuta ndani ya kifuniko, akafuta kila pembe kwa ncha ya kidole ndani ya flana, akakishika juu kwenye mwanga, akafuta tena. Nilisimama nyuma yake nikikodoa macho kwenye shingo yake na kuomba. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga paa la mabati. Jirani akainuka bila kuambiwa, akaokota gunia tupu, akalitandaza juu ya boneti iliyoinuliwa, akashika upande mmoja na mimi nikashika wa pili. Mume wangu akarudisha kifuniko. Akarudisha plagi. Akapitisha mkono tena kila mahali, aone kama amesahau kitambaa au mfuko. Mwisho kabisa akafunga nyaya za betri, akaingia ndani ya gari.

Mara ya kwanza injini iligeuka ikakohoa, ikazima. Mara ya pili iligeuka polepole zaidi. Niliisikia betri inachoka, na wakati huo huo uchungu ulikuwa umeshika na hauachii, nami ninashikilia gunia juu ya kichwa na siwezi hata kupiga kelele. Jirani alinitazama. Midomo yake ilikuwa imefunguka tayari.

Mara ya tatu ikawaka.

Moshi mwingi ukatoka nyuma, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikatulia. Mume wangu akatoka akipiga makofi, akafunga boneti, akanigeukia na uso uliojaa ushindi.

"Umeona? Bila jiko!"

"Usizime," nikamwambia. "Twende sasa."

"Wapi?"

Jirani ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa Kikipsigis, kwa sauti kubwa, maneno ambayo mpaka leo sijui maana yake yote. Mume wangu, aliyejifunza lugha hiyo kiwandani, aliyaelewa. Alinibeba kama mzigo wa kuni.

Sikumbuki sana safari. Nakumbuka mvua, nakumbuka jirani akinishika kichwa kiti cha nyuma, nakumbuka kwamba hapakuwa na harufu ya kuungua. Tulipofika nilitolewa nikiwa bado na akili zangu, na daktari akaniweka mezani bila kuuliza maswali.

Nilipoamka taa zilikuwa zimewashwa. Nilisikia mtoto akilia kabla sijajua kama mimi mwenyewe niko hai. Alikuwa msichana. Nililia, nikashindwa kuacha, na muuguzi akanipangusa uso. Halafu akasema, "Mama, tusaidie. Kuna gari hapo dirishani inanguruma tangu mlipofika. Mwenyewe anakataa kuzima, na wagonjwa wamechoka."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli.

Alipoletwa ndani alikuwa bado na oili kwenye kucha. Alimchukua mtoto akamshika kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Mbona huzimi gari?" nikamwuliza.

"Naogopa. Nikizima inaweza kukataa."

"Lakini tumeshafika."

"Najua."

Mtoto alipiga chafya. Yeye hakuniangalia alipouliza, "Ilianza saa ngapi? Hiyo uchungu."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka. "Ukiwa unafuta plagi."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, plagi moja moja, kifuniko, flana, gunia.

"Ulikuwa karibu na mimi," akasema. "Ulikuwa unanipatia vitambaa."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo uliniogopa mimi kuliko hiyo uchungu."

"Ndiyo, baba. Nilijua ukisikia utarudi kuchukua makaa."

Nilingoja akatae. Nilitaka akatae, akasirike, aniite mwalimu. Alimtazama mtoto.

"Ningerudi," akasema. "Ningerudi kuichukua."

Akanirudishia mtoto, akaniwekea vizuri kifuani, akatoka. Baada ya kitambo kidogo, nje kukawa kimya.